Kikohozi Kilichotoka Kwenye Beseni

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, na nadhani walimu wetu wamechoka kuisahihisha. Mimi leo nasimulia kisa changu mwenyewe, nacho kiliipindua methali hiyo juu chini. Sikuficha maradhi. Nilificha kwamba sikuwa na maradhi, na kwa kuficha huko nusura niifunge biashara ya mamangu katika mwezi ambao biashara hiyo peke yake ndiyo iliyotulisha.

Ilikuwa mwaka wa 2020. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, darasa la sita, na tulikuwa tukiishi Kisauni, Mombasa, kama tunavyoishi hadi sasa, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na huko uani choo na bafu la wote. Msomaji usiyeijua nyumba ya namna hii, jua jambo moja tu: kuta zake hazifiki kwenye bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakwambia pole.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye tukaambiwa shule zinafungwa. Tulishangilia, nisiwe mwongo. Tulidhani ni likizo ya wiki mbili tatu hivi. Hatukujua kwamba sisi wa darasa la sita tungerudi darasani tarehe 4 Januari 2021. Tarehe 27 Machi ikaja kafyu, kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, isipokuwa malori ya chakula na mizigo.

Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni upande wa kaskazini. Watalii walipokatika, yeye na wenzake wakaambiwa wakae nyumbani mpaka watakapoitwa, na malipo hakuna. Akarudi na visu vyake viwili vimefungwa ndani ya taulo, na chupa kubwa ya siki aliyoinunua mwenyewe kwa ajili ya achari. Chupa hiyo naomba muikumbuke. Basi sote sita, yaani Baba, Mama, Nyanya, mimi na wadogo zangu wawili, tukahamia kwenye mfuko wa Mama.

Mama huuza mboga na matunda pale barazani mbele ya nyumba. Kafyu ilipokuwa ikiisha alfajiri, yeye alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango, mbio mpaka soko la Kongowea, na jua likichomoza yuaja na mkokoteni: mchicha, sukuma wiki, bamia, mabiringani, vitunguu, tungule, nazi, maembe. (Hapa pana neno la kuwaeleza wenzetu waliotoka bara. Nikisema tungule nakusudia kile mnachokiita nyanya. Huku kwetu nyanya ni mtu mzima mwenye heshima zake, na haoshwi kwenye beseni.) Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeanza mwishoni mwa Aprili, kwa hivyo aliongeza mihogo, viazi vitamu, ndizi na matikiti ya futari. Huo ndio mwezi wa Mama. Kila mwaka, karo yetu na hata viatu hutoka katika mwezi huo.

Lakini mwaka huo watu waliogopa, na hawakujua hasa waogope nini. Mwezi Machi wanasayansi wa Marekani walikuwa wamechapisha matokeo yao, kwamba maabarani kirusi kile kiliweza kuonekana bado juu ya plastiki hata baada ya saa 72, na juu ya katoni kwa muda wa saa 24. Habari hii ikasafiri, na ilipofika Kisauni ilikuwa imenona njiani: ati Korona hulala juu ya embe siku tatu ikimngojea mlaji! Shangazi yetu aliye Nairobi akatutumia video ya daktari mmoja wa huko huko Marekani, akionyesha jinsi ya kuosha matunda kwa maji ya sabuni na kupangusa kila paketi itokayo dukani. Tuliitazama sote tumeinamia simu ya Baba kama watu wanaotazama kisima.

Mambo yaliyofuata barazani kwetu sikwambii. Mteja mmoja alikuwa akija na kijiti, anaelekeza, "Hiyo, na hiyo, siyo hiyo, hiyo!" Mwingine alianika paketi za unga uani zipigwe na jua, mpaka kuku wakazitoboa. Wengine walikuwa wakimuuliza Mama kabla hata ya salamu, "Mama Mboga, hizi umeziosha?" Naye Mama asiyetaka kumkosa mteja alijibu, "Zimeoshwa." Basi ikabidi zioshwe kweli, na mwoshaji nikateuliwa mimi.

Sasa tazama tatizo la kwanza, ambalo yule daktari wa kwenye video hakulipata. Yeye alifungua mfereji. Sisi mfereji tunao, ila maji hutoka yakipenda. Kuna kisima jirani, maji yake ni ya chumvi, ya kuogea na kufulia. Maji matamu ya kupikia tunanunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Kila siku nilikuwa nikioshea mboga za baraza nzima kwa maji ambayo Mama aliyanunua kwa faida ya mboga hizo hizo. Nilimwona akihesabu mitungi kwa macho bila kusema kitu.

Na tatizo la pili lilikuwa sabuni. Siku ya pili tu, mteja alirudisha fungu la mchicha jioni. Alikuwa ameupika kwa nazi, watoto wakakataa, wakasema mchuzi unatoa povu. Mama akamrudishia pesa, akanitazama. Sikupenda lile jicho.

Hapo ndipo akili yangu ya darasa la sita ilipofanya kazi, tena kwa bidii isiyo ya kawaida. Nikawaza: sabuni inanuka, basi tafuta kitu kinachoua wadudu kuliko sabuni. Ni dawa ya madoa, ile inayong'arisha mashati ya shule. Lakini dawa ya madoa nayo inanuka. Nini kinachoondoa harufu? Nikakumbuka kwamba Baba huondoa shombo la samaki mikononi kwa siki. Ewaa! Nilijiona profesa. Siku iliyofuata, Mama akiwa barazani na Baba amekwenda kuulizia vibarua, nikabeba beseni na mafungu kumi na mawili ya mchicha mpaka bafuni, nikatia maji kidogo, nikamimina dawa ya madoa, kisha siki ya Baba, glo glo glo.

Kilichopanda kutoka kwenye lile beseni sikukiona, ila kilinishika. Macho yaliwaka kama yametiwa pilipili. Koo likajifunga. Kifua kilibana nikahisi kama mtu amenikalia. Nilitoka bafuni nikiyumba, nikaanguka penye kamba ya nguo, nikikohoa kikohozi kikavu, kwa! kwa! kwa!, kisichokuwa na mwanzo wala mwisho. Bahati yangu ni kwamba mlango wa bafu letu ulikuwa umevunjika zamani na hatukuwa na pesa za kuutengeneza, kwa hivyo upepo uliingia na kutoka.

Nilipopata nafuu kidogo niliziba pua kwa kanga ya Nyanya, nikamwaga beseni lote ndani ya mtaro, nikaukusanya ule mchicha uliogeuka rangi, nikauzika kwenye jaa. Mama alipouliza mafungu yake kumi na mawili, nikajibu pasipo kufikiri:

"Mbuzi amekula, Mama."

Mbuzi katika nyumba yetu ni mmoja tu, wa Mama Pacha wa chumba cha tatu. Mama akaenda kumlalamikia. Mama Pacha akaapa kwamba mbuzi wake alikuwa amefungwa kutwa. Sauti zikapanda. Wanawake hawa wawili walikuwa wakipeana chumvi na moto miaka minane. Siku hiyo walinyimana hata salamu, na mimi nilikuwa ndani nimejifunika shuka, nikikohoa.

Usiku ule kikohozi hakikunipa nafasi. Nawaambia ukweli, mwaka wa 2020 kukohoa usiku katika nyumba ya Kiswahili lilikuwa jambo zito kuliko kuiba. Nilisikia chumba cha pili wakinyamaza. Nilisikia kitanda cha chumba cha nne kikisogezwa mbali na ukuta. Mama alikuja kukaa karibu yangu na mkono wake kwenye paji la uso wangu, na kwa mwanga wa kibatari niliona machozi yamejaa machoni pake hayajaanguka. Baba akawahamisha wadogo zangu kwa Nyanya. Nyanya naye akachemsha tangawizi na ndimu, akanifukiza, akawa anasoma dua.

"Wasikia homa, mwanangu?" Mama aliniuliza.

"Sisikii."

"Kifua chauma?"

"Kidogo."

Neno moja tu lingetosha. Ningesema "siki" na mama yangu angelala. Sikusema. Niliogopa fimbo, niliogopa habari ya mbuzi, niliogopa hasara ya mchicha, na kila saa iliyopita niliogopa zaidi kwa sababu ya saa iliyopita.

Asubuhi Mama alipanga meza yake kama kawaida. Watu walipita. Mmoja akavuka upande wa pili wa njia. Mama Pacha, ambaye mbuzi wake alisingiziwa, hakuwa na sababu ya kunyamaza, na sidhani hata alisema uongo. Alisema tu alichokisikia kupitia ukutani: kwa Mama Mboga kuna mtoto anakohoa usiku kucha. Kufikia adhuhuri kikohozi changu kilikuwa kimefika barabara kuu. Kufikia alasiri tulikuwa tumekufa wawili.

Siku hiyo Mama aliuza nazi mbili. Siku ya pili aliuza kitunguu, kwa mpita njia asiyetujua. Mchicha hauna subira, ukikosa mteja asubuhi, jioni umelala chali. Tulikula mchicha mchana na usiku, na uliobaki tukautupa. Tungule zikaanza kutoa maji. Siku ya tatu nilimchungulia dirishani, amekaa barazani peke yake, anawafukuza nzi kwenye tikiti alilolikata kuwaonyesha watu jinsi lilivyo jekundu. Wakati wa magharibi ulipokaribia, wakati ambao miaka mingine hapatoshi pale barazani, alianza kuzirudisha bidhaa ndani moja moja. Hakulia wala kumlaumu mtu. Ilikuwa afadhali angelia.

Siku ya nne tukasikia hodi. Alikuwa mzee wa mtaa, na pamoja naye mhudumu wa afya ya jamii, dada mmoja mwembamba mwenye barakoa na daftari. Walisimama mbali na mlango. Watoto walijaa ukumbini, wakafukuzwa, wakajaa tena. Wakati ule tulisikia kwamba watu wakichukuliwa hupelekwa karantini, wengine wakidaiwa malipo, na kwamba mtoto hupelekwa bila mama yake. Magoti yangu yaligongana.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeanza lini kukohoa?"

Nikamwambia. Akauliza homa, hakuna. Akauliza kuharisha, hakuna. Kukohoa kwenyewe, leo si kama juzi. Akaandika. Kisha akauliza swali ambalo nadhani aliliuliza kila nyumba:

"Je, unasikia harufu ya vitu kama kawaida? Au pua haisikii kitu?"

Nami kwa kutaka kumthibitishia kwamba mimi ni mzima, nikajibu haraka, "Nasikia vizuri sana! Hata ile siki bado naisikia puani."

Pakawa kimya.

"Siki gani waisema?" akauliza Baba. Akaingia ndani, akatoka na chupa yake, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imebaki nusu. Akamtazama Mama, Mama akanitazama mimi, na mimi sikuwa na pa kutazama. Nikayamwaga yote, beseni, dawa ya madoa, siki, jaa, mbuzi. Nililia mpaka nikaanza kukohoa upya.

Yule dada alicheka ndani ya barakoa mpaka mabega yakamtikisika, halafu akaacha ghafla, akaniuliza kama bafu lilikuwa na mlango. Nikasema umevunjika. "Basi aliyeuvunja alikuokoa," akasema. Akatueleza kwamba dawa ya madoa ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma macho, koo na mapafu. Na ikikutana na dawa zenye amonia hutoa gesi nyingine, mbaya vilevile. Haichanganywi na kitu chochote ila maji, na hata hayo ni kwa kusafishia sakafu na choo. Juu ya chakula isiguse kamwe.

"Na sabuni je, mwanangu?" Nyanya akauliza kutoka ndani.

"Sabuni ni ya mikono, Nyanya." Akasema kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo, ndiyo maana tukaambiwa tuoshe mikono kwa sabuni sekunde 20. Lakini jani la mchicha na ganda la tungule lina vitundu vidogo visivyoonekana. Sabuni huingia humo, suuza usuuzavyo haitoki yote, na mlaji huumwa na tumbo. Tena kirusi hakizaani juu ya embe. Kinataka mwili wa kiumbe hai. Njia yake kubwa ni pumzi, watu wakisongamana wakiongea uso kwa uso. "Nyinyi hapa mmeziosha tungule kuliko maiti," akasema, "lakini nimesimama hapa nusu saa, sijaona mtu aliyenawa mikono, na watoto kumi wamebanana ukumbini kunisikiliza."

Ilikuwa kweli. Maji yote yalikuwa yamekwisha kwenye mboga.

Nilingojea fimbo ya Baba. Jioni akaniita uani. Nikaenda nimevaa suruali mbili. Nilimkuta amepanga mabeseni matatu kwenye kiti kirefu, na fungu la mchicha, na kisu kimoja kati ya vile viwili vya kazini, ambavyo tangu arudi nyumbani hakuwa amevifungua kutoka kwenye taulo.

"Njoo nikufundishe," akasema. "Wewe wataka kuosha, oshea akili."

Akanifundisha kama anavyowafundisha vijana wa jikoni hotelini. Nawa wewe kwanza. Kata mizizi, utie majani kwenye beseni la kwanza, uyatikise, uache kidogo mchanga ushuke. Sasa, na hapa alinishika mkono, usiyamwage maji mchicha ukiwa ndani, kwa maana ukimwaga mchanga wote unarudi juu ya majani. Utoe mchicha kwa mikono, mchanga ubaki chini. Beseni la pili vivyo hivyo. Beseni la tatu ni la maji yaliyotiwa dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa sababu kisima chetu hakiko mbali na vyoo, na kipindupindu kilijulikana Mombasa kabla ya Korona. Maji ya mabeseni yote hayamwagwi ovyo, yanakwenda kusafishia choo. Nikashangaa, mboga zote za nyumba zilitumia chini ya nusu mtungi.

Nikamuuliza mbona dawa ya maji nayo ni klorini. Akasema ndiyo, hata hotelini majani ya saladi walikuwa wakiyaloweka kwenye maji ya vidonge vya klorini, lakini vidonge vya kazi hiyo, kwa kipimo, kwa saa ya ukutani, kisha yanasuuzwa. "Chumvi ni chumvi," akasema, "lakini ukitia kilo moja kwenye mchuzi, utaita mchuzi?"

Embe na tikiti akaniambia huoshwa kabla ya kumenywa, ingawa ganda haliliwi, maana kisu hupita kwenye ganda na kuusukuma uchafu ndani. Ubao wa samaki si ubao wa kachumbari. Tungule iliyopasuka hukatwa sehemu yake mbovu siku hiyo hiyo, haingojewi. Na mwisho akasema jambo ambalo lilimfanya Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, ashike kichwa: mboga ya kuuzwa haioshwi asubuhi. Mboga ikikaa na maji huoza upesi. Huoshwa na mpikaji, karibu na chungu. Kumbe kwa siku zote zile nilikuwa nikiiozesha bidhaa ya Mama kwa maji ya kununua, hata kabla ya siki!

Adhabu ilikuwepo, asidhani mtu niliponea. Mama aliniamuru nipite mlango mmoja mmoja, vyumba vyote, nisimame mbali, niseme kwa mdomo wangu nilichofanya. Chumba cha kwanza walicheka. Chumba cha pili hawakufungua, nikausemesha mlango. Nikamwacha Mama Pacha awe wa mwisho, na moyo ukinidunda kama ngoma ya harusi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini niliyesingiziwa si mimi. Kamwambie mwenyewe."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nilikwenda mpaka kwa mbuzi, pacha wote wawili wakinifuata nyuma, nikamwomba radhi kwa sauti ya kusikika, naye akaendelea kutafuna gunia.

Uvumi hukimbia, ukweli hutembea kwa miguu. Ilichukua karibu wiki mbili wateja kurudi, na Ramadhani ilikuwa imekwenda. Viatu mwaka huo hatukununua. Baba alitoboa mtungi wa zamani, akautia mfereji mdogo, akaufunga kwenye nguzo ya baraza na kipande cha sabuni ndani ya soksi. Mteja ananawa kwanza, ndipo achague. Hakuna kubonyeza tungule zote mpaka upate moja. Wanaotaka kulipa kwa simu wakalipa kwa simu, kwa kuwa tangu Machi hadi mwisho wa mwaka huo kutuma pesa chini ya shilingi 1,000 hakukutozwa ada. Mifuko ya plastiki ilikwisha pigwa marufuku tangu 2017, kwa hivyo kila mtu alikuja na kikapu chake, na Mama akawa anakikumbusha kikapu nacho kifuliwe, maana kikapu hukaa sakafuni, garini, sokoni, halafu mezani. Paketi za unga zikaachwa kuanikwa. Kuku walihuzunika.

Mwaka huu mwalimu wetu wa Biolojia alipotufundisha habari za virusi alitaja kwamba Aprili 2021 wataalamu wa Marekani walikadiria hatari ya kuambukizwa Korona kwa kugusa kitu chenye kirusi kuwa kwa jumla ni chini ya moja katika 10,000. Darasa zima liliandika tarakimu hiyo. Mimi kalamu ilisimama. Nilikuwa namwona Mama na lile tikiti lake jekundu, anafukuza nzi.

Dharura ya Korona ilitangazwa kumalizika duniani Mei 2023. Ule mtungi bado uko kwenye nguzo. Wengine wananawa, wengi hawanawi, na Mama amechoka kuwakumbusha. Mama Pacha ndiye aliyekuwa wa mwisho kurudi kununua. Alikuja jioni moja dakika chache kabla ya kafyu, akasimama mbele ya tungule, akanawa polepole bila kuambiwa, kisha akachukua moja akaibonyeza, akachukua ya pili akaibonyeza, na ya tatu. Mama akamwacha. Alipomaliza kulipa, Mama akamwongezea fungu la mchicha juu.

"Hili la nani?" Mama Pacha akauliza.

"La mbuzi."

Mbuzi yule sasa ni mzee, ndevu zimekuwa nyeupe. Hufunguliwa kila jioni, na hakosi kupita barazani. Mama humtupia majani mawili matatu, halafu hugeuka akanitazama mimi.